Siku ya sita ya kubana kalori, njaa ya saa nne usiku inanitoa roho

cherehani_ngamiani

Habari za usiku wadau. Saa nne na robo hii nimekaa kitandani na kikombe cha maji ya moto, na jikoni kuna sufuria ya wali wa nazi uliobaki. Najua umebaki kiasi gani maana nimeshaenda kuufunua mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, Ngamiani. Umri miaka 37, watoto wawili, kilo 88, urefu sentimita 158. Mwezi uliopita nilienda kupima nikakutwa na presha 148 kwa 94. Daktari akanipa miezi mitatu nipunguze uzito na chumvi, ndipo aamue kama ataniandikia dawa. Sukari iko sawa. Nikatoka pale nimejifunga kibwebwe. Shoga yangu mmoja akanitumia ratiba kwenye WhatsApp, ya kalori 1,000 kwa siku: asubuhi chai ya rangi na yai moja, mchana kipande cha samaki na tango, jioni supu ya kabichi, na baada ya saa kumi na mbili jioni mdomo unafungwa kabisa.

Kazi yangu ya kukaa, na kibanda changu kimepakana na mama mmoja anayekaanga sambusa na kachori, tumetenganishwa na bati tu. Kuanzia saa tatu asubuhi moshi wa karai lake ni wangu pia. Cha ajabu asubuhi nastahimili. Mchana nastahimili. Ikifika saa kumi naanza kuwa mkali bila sababu, na juzi nilikata gauni la mteja fupi kwa inchi mbili. Kitenge cha watu! Imebidi nitoe hela yangu nikanunue kingine.

Usiku sasa ndiyo balaa. Jumatano nilikula wali uliobaki nimesimama, kwa upawa, taa nimezima mama mkwe asinione. Wali ulipoisha nikaanza kubandua ukoko. Kwenye daftari langu la kalori nimeandika "supu ya kabichi".

Na huyo mama mkwe tunaishi naye, namheshimu sana, lakini nikisukuma sahani ananitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, huumwi? Watu watasema hapa hulishwi." Mnajua wenyewe, mtu akikonda ghafla kila jirani ana jina la ugonjwa wake.

Naomba kujua, hii njaa inaisha lini? Kuna watu wameizoea kweli au wanatudanganya? Na usiku nifanyeje, maana kulala nayo siwezi, nageuka tu kama chapati. Tafadhali msiniletee matangazo ya dawa za kukata tumbo. Nawasilisha.

ndimu_tangawizi21

Pole dada. Maji ya ndimu na tangawizi asubuhi kabla hujatia kitu tumboni, mafuta yote yanayeyuka. Nitumie ujumbe, nina kifurushi cha siku 21 kwa bei ya ofa.

muuguzi_zamu_ya_usiku

Wewe hapo juu, mtu kasema hataki matangazo, nawe unaingia na kifurushi. Ndimu inakoleza supu, kuyeyusha mafuta ya mwili haiwezi.

Dada yangu wa Ngamiani, mimi ni muuguzi na saa nne yako ndiyo saa yangu ya kuingia wodini, kwa hiyo naijua njaa hiyo. Tuanze na hesabu. Kwa kilo zako, urefu na umri, mwili wako ukilala tu bila kukanyaga cherehani unatumia kama kalori 1,500 kwa siku, za moyo, mapafu, ubongo na joto. Ukiongeza kutembea, kufua na kazi ya kibandani, inafika kama 2,100. Ratiba ya shoga yako inakupa chini ya nusu. Halafu unashangaa upawa umefikaje mkononi.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, 1944 hadi 1945. Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, wakataka kujua namna ya kuwalisha watu waliokonda kwa njaa. Ancel Keys na wenzake wakachukua vijana wa kiume 36 wazima wa afya, wakawapa karibu kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wanatembea kama kilomita 35 kila wiki. Wale vijana wakawa hawazungumzi kitu kingine ila chakula. Wakakesha na vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa wakali kwa vitu vidogo. Wao walikuwa wanaume na walikuwa wembamba tayari, kwa hiyo usijilinganishe nao moja kwa moja. Lakini nilipofika kwenye ukoko wako wa gizani niliwakumbuka. Usijiite huna msimamo. Umejinyima kupita kiasi, na mwili umekudai deni lake.

Panda hadi 1,500 au 1,600. Utapungua kama nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine chini ya hapo. Presha yenyewe haisubiri ufike kilo 60, kwa wengi inaanza kushuka na kilo chache za mwanzo. Na kama siku hizi sita zimekuondolea kilo mbili, usipige vigelegele bado, sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji yake, akiba ikitumika maji nayo yanatoka.

Sasa hiyo saa nne. Tumbo linatoa homoni inaitwa ghrelini, ndiyo inayopiga kengele ya njaa, na hupanda kwa kufuata saa ulizozoea kula. Kama miaka yote unakula usiku, itakuja kubisha hodi usiku, uwe una njaa au huna. Ukishika saa mpya bila kubadilisha badilisha, nayo inahama baada ya siku kadhaa. Waliofunga Ramadhani wanalijua hili: siku tatu za mwanzo mchana hauishi, ukifika kumi la pili unashtukia adhana ya magharibi. Usingizi mdogo huipandisha, ndiyo maana sisi wa zamu tunakula mandazi saa tisa usiku hata kama tumeshiba.

Na hiyo amri ya kutokula baada ya saa kumi na mbili nani kaileta? Wewe unalala saa tano. Kuanzia kumi na mbili hadi tano ni saa tano tumbo tupu, tena ukiwa macho na karibu na jiko. Sogeza chakula cha jioni hadi saa mbili, kilekile na kwa kipimo kilekile.

Neno moja kwa wengine wanaosoma hapa: kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi, kutetemeka, kijasho chembamba na kizunguzungu usiviite njaa ya dayati. Hiyo huenda ni sukari imeshuka. Kunywa kitu chenye sukari upesi, na usipunguze chakula kabla ya kuongea na anayekutibu.

bajaji_ya_kijani

Dada, mimi nilikuwa kilo 103, sasa nina 84. Imenichukua mwaka na miezi miwili. Kitambi kilikuwa kinagusa usukani wa bajaji nikikata kona, abiria wanacheka.

Nakupa siri iliyonisaidia, inaitwa kiazi. Usicheke. Mwanzoni niliviacha viazi vyote maana kila mtu anasema vinanenepesha. Binti yangu yuko chuo akanisomea utafiti wa Sydney wa 1995, Susanna Holt na wenzake. Waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza wameshiba kiasi gani kila baada ya robo saa kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa alama 100. Ile mikate ya Kifaransa yenye siagi nyingi, croissant, ilipata 47. Viazi vya kuchemsha vikapata 323, vikashinda nyama, vikashinda samaki, vikashinda vyote. Nikamwambia binti rudia kusoma. Akarudia.

Kalori 240 za viazi vya kuchemsha ni zaidi ya robo kilo, utatafuna hadi uchoke. Kiazi hichohicho kikiingia kwenye karai ndiyo ugomvi unaanza. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Mimi chakula changu cha mchana kijiweni kilikuwa chipsi mayai na soda mbili. Soda ya 350 ina karibu kalori 150 na tumbo halina habari kama kuna kitu kimepita. Sasa nabeba viazi vya kuchemsha, kachumbari yenye pilipili ya kutosha, na dagaa. Wewe uko Tanga, viazi vya Lushoto viko mlangoni kwako.

Halafu pima mafuta yako ya kupikia kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Mke wangu alikuwa anamimina kwa jicho, siku tuliyopima ilikuwa vijiko sita kwa mchicha wa watu watatu. Tulitazamana tu.

Onyo: karanga. Nilijiambia ni chakula cha afya nikawa natafuna njia nzima Morogoro. Konzi moja ni kalori 170 hivi, na nani anaishia konzi moja?

cherehani_ngamiani

Asanteni sana. Muuguzi, nimecheka hadi mama mkwe kauliza kuna nini. Kaka wa bajaji, nikapime mafuta? Mimi namimina hadi kikaango king'ae, naogopa jibu. Viazi nitajaribu, ila kwetu bila tui hakuna chakula. Mama mkwe anapika yeye, na akikuta mboga haina nazi anauliza kama kuna msiba.

bibi_wa_pangani

Mwanangu, mimi ni mkwe wa watu na nina wakaza wana watatu, nikusaidie upande wa pili.

Umemwambia uko kwenye dayati? Basi hapo ndipo ulipokosea. Neno hilo sisi wazee tukilisikia tunajua mtoto anataka kuvaa suruali za kubana. Mwambie una presha, mwonyeshe na cheti. Presha tunaijua, imetuzikia ndugu. Halafu usimkataze kupika, mwombe akupikie. "Mama, naomba ule mlenda wako. Naomba samaki wa kuchemsha kwa ndimu na pilipili, chumvi kidogo." Mpe kazi ya kukuponya uone kama hataifanya kwa sifa.

Tui asiliache kabisa, ila la kwako liwe tui jepesi, lile zito wapewe watoto wanaokua. Kwenye sahani mboga ianze: matembele, mchicha, bamia, ijae nusu ya sahani kabla mwiko haujagusa wali. Wali upime kwa kikombe cha chai, kimoja, usiushindilie. Kunde au maharage usikose, yanakaa tumboni kama mgeni asiye na nauli.

Na huo wali wa usiku dawa yake si moyo mgumu. Kinachobaki kitiwe kwenye hotpoti, na hotpoti ilale chumbani kwa mkweo, asubuhi watoto wapate kiporo. Nani atakwenda kumgongea mama mkwe saa nne usiku aombe ukoko?

cherehani_ngamiani

Wadau nimerudi, leo ni siku ya 24. Nimechelewa kwa sababu ya gauni za harusi.

Kilo 86.2. Zile kilo mbili za wiki ya kwanza nyingine zilirudi nilipoacha ratiba ya WhatsApp, kama muuguzi alivyosema, sasa zinashuka polepole. Nakula kama 1,550. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na viazi viwili vitatu, chai ya maziwa bila sukari (hii bado sijaipenda, nisidanganye). Mchana ugali wa dona na dagaa au samaki, mboga nyingi. Saa kumi kamili, kabla sijashika mkasi, nakula chungwa la Muheza na kachori moja ya jirani. Ndiyo, kachori. Nimeiandika kwenye daftari kwa jina lake. Tangu nianze hivyo sijaharibu kitambaa cha mtu. Jioni tunakula saa mbili, wote pamoja.

Mafuta nilipima. Vijiko vitano. Sitaki maoni.

Ijumaa kulikuwa na biriani ya harusi, nikala sahani nzima na juisi juu, kesho yake nikaendelea kama kawaida. Njaa ya usiku ilinisumbua siku nne au tano za mwanzo, nikawa napiga mswaki mapema na kukaa chumbani na mume wangu tukitazama simu. Siku hizi inakuja, inabisha kama robo saa, inaondoka. Jana presha duka la dawa ilisoma 139 kwa 88, nitairudia kwa daktari.

Bibi wa Pangani, cheti nilimwonyesha. Alikisoma mara mbili na miwani, akalia kidogo, kesho yake akaamkia sokoni kutafuta mlenda. Sasa anatangaza mtaa mzima kwamba ananitibu. Hotpoti inalala chumbani kwake kama ulivyosema. Ila jana saa nne usiku nilikuwa macho, na kuna mtu humo ndani nilimsikia akifungua kifuniko polepole.