Naomba ushauri: Subaru Forester SH, nibaki na tairi za 225/55 R17 au nipande 225/60?

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Forester SH (kizazi cha tatu) ya 2009, rimu zake za kiwandani, inchi 17, upana 7. Tairi zote nne nabadilisha kwa mpigo. Kwa AWD ya Subaru (magurudumu yote manne yanavuta) hapo hakuna mjadala: mizingo ya tairi ikipishana zaidi ya milimita 6 hivi, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote, inachemka na kufa mapema.

Kipenyo cha 225/55 (upana mm 225, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana) ni mm 679. 235/55 inafika 690. 225/60 inafika 702, yaani asilimia 3.3 zaidi: gari linanyanyuka mm 11 tu, na spidi ikisoma 100 kihesabu uko 103.

Hofu yangu ni 225/60 mbele. Kikombe cha springi kwenye shokapu kimekaa juu kidogo tu ya tairi. Pengo hilo halibadiliki ukipakia mzigo, maana shokapu hupanda pamoja na gurudumu, lakini jiwe au tope zito likinasa hapo linakula tairi. Aliyezifunga bila kubadili springi, pengo linabaki milimita ngapi? Na ukikata kona hadi mwisho gari likiwa na watu watano, hazigusi plastiki ya ndani ya fenda?