UZI: Acheni kumwita mwanafunzi siku ya mwisho halafu mseme mmemhusisha

Jamani, hili la vyuo kupitia mitaala ya digrii "pamoja na wanafunzi" limezidi. Kamati hukaa miezi, stadi za kuajirika zikaandikwa, hati ikapigwa chapa, kisha wiki ya mwisho anaitwa kiongozi mmoja wa wanafunzi, anapewa soda, anatia sahihi orodha ya mahudhurio. Ripoti inasema wanafunzi wamehusishwa. Wamehusishwa na nini, soda?

Malindi tunayaona matokeo kila mwaka. Mwanafunzi wa utalii na hoteli anatumwa atachi (mafunzo ya kazini) Mei. Mei! Masika yamekaza, hoteli nyingi za ufukweni zimefunga tangu Aprili, Waitaliano wamerudi kwao, waliobaki ni mlinzi na fundi rangi. Kazi ya mapokezi atajifunza kwa nani? Wa uvuvi naye analetwa wakati wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo vimepandishwa pwani. Kaskazi ikiingia, Novemba hadi Machi, wavuvi wakitoka kila siku, yeye yuko darasani. Aliyetoka atachi angewaeleza haya kwa dakika mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na msituambie mna fomu za maoni. Fomu ya 1 hadi 5 inauliza kama mhadhiri alifika kwa wakati, stadi haiulizi. Tena palipo na sharti la kujaza ndipo upewe kadi ya mtihani, watu wanabofya 4 kutoka juu hadi chini waende zao. Ukitafuta wastani hapo umepima haraka yao, hukupima kozi.

Uozo wenyewe uko kwenye alama. Karibu kila somo limeandikiwa "mawasiliano", "kazi ya pamoja", "kutatua matatizo". Sasa tazama mgawanyo: 30 za kazi za muhula, 70 za mtihani wa maandishi. Kuzungumza mbele ya watu kumepimwa wapi hapo? Kazi ya kikundi nayo ni alama moja kwa watu wote 6, aliyefanya na aliyelala. Mhadhiri hawezi kuliona hili peke yake kwa sababu analijua somo lake tu. Anayepita masomo yote ya digrii, kuanzia la kwanza hadi la mwisho, ni mwanafunzi.

Kama mnataka kweli, chukueni watu 8 hadi 10, na wasiwe viongozi pekee: wa mwaka wa 2, wa mwaka wa mwisho waliotoka atachi, na wahitimu wawili watatu wenye mwaka mtaani, wakiwemo wasio na kazi (hao ndio mnaowakwepa). Wapelekeeni maelezo ya masomo wiki 2 kabla, kila mtu masomo 4. Ukimbwagia mtaala mzima hatausoma. Mbele ya kila stadi ajibu: ni kazi ipi iliyonipima hii, na ilikuwa na alama ngapi? Majibu yatajigawa yenyewe: iliyofunzwa na kupimwa, iliyofunzwa bila alama, na iliyoandikwa tu. Hilo fungu la mwisho ndilo ajenda. Kikao kiendeshwe na mtu wa idara nyingine, na anayewasahihishia mitihani asiwemo chumbani. Akiwemo watamsifu tu. Kisiwe wiki ya mitihani. Nauli itoke kabla, kwani Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120 na mhitimu asiye na kazi hana pa kuitoa.

Halafu zile daftari za atachi zilizorundikwa ofisini. Zinakaguliwa muhuri na sahihi, basi. Chukueni 20 mhesabu: siku ngapi alifanya kazi ya fani yake, siku ngapi alitumwa fotokopi na chai? Ushahidi mnao, mmeukalia.

Baada ya kikao warudishiwe majibu kwa maandishi: hili tumelibadilisha, hili hatukulibadilisha, na sababu ni hii. Wasipojibiwa, mwaka ujao hawaji, nanyi mtasema vijana hawajali.

Vijana wa kwanza wa CBC, ule mtaala wa umilisi wa Kenya, wataingia vyuo vikuu 2029, kwa hiyo mitaala inapitiwa sasa hivi. Nanyi wanafunzi, kwa chuo cha umma msisubiri kuitwa. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya inataja ushiriki wa watu, ya 35 inampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Ombeni ripoti ya mapitio na orodha ya waliohudhuria. Barua iwe nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku zinahesabiwa kutoka hapo.