Kisima chetu kinakunywa dizeli lita 6 kwa siku. Tuhamie sola, au tutakuja kujuta?

mhazini_wa_kisima

Habarini wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhazini wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Ikungi, Singida. Si fundi, niliishia darasa la saba, ila daftari la kisima ninalo mimi mwaka wa nne sasa na najua kila shilingi ilikopita.

Kisima kina mita 110, pampu imening'inia mita 90. Kilipochimbwa walipima wakasema kinatoa lita 6,000 kwa saa. Tuna jenereta, tangi la lita 25,000 na vilula vinne. Kiangazi tunauza ndoo 900 hivi kwa siku, ndoo shilingi 50. Masika zikifika 300 tunashukuru, maana kila mwenye bati anakinga kwake. Jenereta inakunywa lita 6 kwa siku, kwa bei inayokaribia 3,000 ni kama 18,000. Hapo bado oili, posho ya mwendesha mashine, na yale mafuta "yanayomwagika" kati ya mjini na kijijini. Mwenye kuelewa ameelewa.

Mkutano wa kijiji uliopita vijana walisimama: tufunge sola, jua la Mungu halina bili, ndoo iwe shilingi 10. Walipigiwa makofi mpaka mimi na daftari langu tukanywea. Kampuni moja imetuletea makadirio: paneli 8 za wati 400, pampu mpya na kontrola yake (kile kifaa cha kuiongoza pampu), milioni 31. Akiba yetu ni milioni 14, nyingine tutachangishana tukishavuna alizeti.

Naomba kujua: paneli 8 zinatosha? Na hiyo shilingi 10 inaingia akilini, au mimi ndiye mchoyo kama wanavyosema?

Mzururaji77

Mngoje umeme tu dada. Kijijini kuunganishiwa ni 27,000, mnahangaika na milioni 31 za nini?

mhazini_wa_kisima

Hiyo 27,000 ni ya nyumba iliyo jirani na nguzo, kaka. Kwetu nguzo zimeishia shuleni, kisima kiko bondeni karibu kilomita tatu. Nani atalipia nguzo za kushuka huko?

fundi_pampu_mstaafu

Marahaba binti. Nimefunga pampu za visima tangu enzi za injini za dizeli za Lister, sasa nafuga kuku, kwa hiyo sina cha kukuuzia.

Makadirio yenu nayaelewa. Hao jamaa hawajawadanganya, ila wamepigia hesabu maji mnayouza leo. Chukua kalamu. Maji yakitoka chini yanakokaa pampu ikiwa inafanya kazi mpaka juu ya tangi, tuseme ni mita 85. Kupandisha lita 1,000 kimo hicho, ukijumlisha na umeme unaopotea kwenye mota, pampu na bomba, kunakula kama nusu uniti. Paneli ya wati 400 kwa jua la Singida kwenye karatasi itakupa uniti 2 kwa siku. Kwa vumbi lenu na joto la paneli andika moja na nusu. Paneli 8 ni uniti 12, yaani lita 24,000 hivi. Leo mnauza ndoo 900, lita 18,000. Zinatosha na chenji inabaki.

Lakini ndoo ikishuka bei mtauza zaidi. Aliyekuwa anafulia bwawani atafulia nyumbani, na wenye ng'ombe watashuka na madumu. Mimi ningepanga lita 30,000, paneli 10. Paneli mbili za ziada ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye huo mfumo.

Msizidishe zaidi ya hapo, na hapa ndipo vijiji vingi vinapoumia. Jenereta inavuta kwa kasi ileile tangu asubuhi hadi jioni. Sola haiendi hivyo: inaanza kuchechemea kwenye saa mbili na nusu, saa sita inavuta kwa nguvu zote, saa kumi inachoka. Kisima chenu kinatoa lita 6,000 kwa saa. Mkijaza paneli 20, ile saa sita pampu itavuta kuliko kisima kinavyojaza, maji yatashuka, pampu itazunguka kavu, mchanga utapanda. Kabla ya kulipa chochote dai kisima kipimwe upya, kile kipimo cha siku ya kuchimba ni cha zamani. Na kontrola iwe na kitambuzi kinachozima pampu maji yakishuka.

Betri msinunue hata mkibembelezwa. Betri yenu ni lile tangi. Lijazeni hadi jioni, wanaochota saa kumi na moja alfajiri watalikuta limejaa. Jenereta msiiuze, kuna kontrola zinazopokea sola na jenereta pia. Siku tatu za mawingu za mwezi wa kwanza mtanikumbuka.

Mengine madogo: paneli zielekee kaskazini, zilale kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe. Miti iwe mbali. Paneli zimeungwa kwa mfuatano, kivuli kikiangukia moja kinazivuta nyingine chini.

Binti_Chemba

Dada mhazini wewe si mchoyo hata kidogo. Sisi tulifanya hivyohivyo walivyotaka vijana wenu. Tulifungiwa sola ya msaada, siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa, kiongozi mmoja akatangaza maji bure. Mwaka wa kwanza raha. Mwaka wa pili mlinzi hakulipwa miezi mitano, akaacha. Paneli mbili zikaondoka usiku na nati zake. Mwaka wa tatu radi ikapiga kontrola, haikuwa na waya wa kuzamisha radi ardhini. Kontrola mpya ilitakiwa milioni mbili na nusu. Kwenye akaunti ya maji kulikuwa na shilingi 84,000.

Miezi saba tulirudi kufukua mchanga wa korongo. Mama yangu ana goti bovu mpaka leo.

Sasa tunalipa 30 kwa ndoo na hakuna anayenung'unika. Fremu tumezichomelea na nondo, vichwa vya nati vimesagwa, na mlinzi analipwa kabla ya mwenyekiti kunywa soda.

Upepo_wa_Singida

Mkoa wenu una upepo kila siku, kwa nini msifunge kinu?

fundi_pampu_mstaafu

Kinu kinataka mtu wa kupanda mnara na kopo la grisi. Nimepanda vya kutosha. Na upepo wa juu kilimani sio wa bondeni kilipo kisima chao.

mhazini_wa_kisima

Nimekaa na daftari usiku mzima, taa ya simu ikanizimikia. Ndoo 300 za masika kwa shilingi 10 ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Mlinzi peke yake tunamlipa 120,000. Pampu mpya nimeiwekea milioni 8 kila baada ya miaka minane: ni zaidi ya 80,000 kwa mwezi za kuweka pembeni, na kontrola sijaigusa. Kwa shilingi 25, masika hayohayo yanaleta 225,000, na kiangazi tunapata pa kujazia. Wanatoka kwenye 50 kuja 25, atakayeniita mchoyo nitampa daftari ajumlishe mwenyewe.

Baba fundi, kampuni nimewapigia kuhusu kupima kisima upya. Wamesema ni gharama ya ziada. Nikawaambia basi na malipo ya kwanza yasubiri kipimo. Wamenyamaza kidogo, halafu wakasema watakuja wiki ijayo.

Kuna moja bado. Umesema miti iwe mbali. Pale kisimani kuna mwarobaini mkubwa upande wa magharibi, kuanzia saa tisa kivuli chake kinafika kwenye tangi. Aliupanda mwenyekiti siku ya kufungua kisima. Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha kamati, mkutano wa hadhara siuwezi.