Naomba ushauri: Tunajiandaa kurekodi kipindi cha kwanza cha podikasti kuhusu wakulima wa zabibu Dodoma

Mkazi_wa_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Mimi na mwenzangu tumekubaliana kuanzisha podikasti ya Kiswahili kuhusu kilimo cha zabibu katika mkoa wetu, kwa sababu tunaona kwamba zao hili huzungumziwa sana bei inapoporomoka, lakini ni nadra kumsikia mkulima wa Mpunguzi au Hombolo akieleza kazi yake kwa utulivu na kwa maneno yake mwenyewe. Mgeni wetu wa kwanza ni mzee mmoja wa Hombolo aliyelima zabibu tangu ujana wake, na tungependa kumrekodi kabla ya mavuno ya Agosti na Septemba, kwa kuwa yakishaanza hatapata nafasi ya kuketi nasi.

Tuna simu mbili, kompyuta mpakato moja na shilingi laki mbili na nusu. Je, fedha hiyo tuitumie kununua maikrofoni ya aina gani? Na je, tumfuate mzee shambani, au tumlete mjini katika sebule yetu, ambayo ina vigae sakafuni na dari ya jipsamu? Vilevile mwenzangu anataka tuandike kila neno tutakalolisema, nami nahofia tutasikika kama wasomaji wa taarifa ya habari.

FundiSauti

Ndugu, hongereni kwa wazo zuri. Mimi ningeanza na hiyo sebule kabla ya kufikiria maikrofoni. Chumba chenye vigae, kuta tupu za saruji na samani chache hurudisha sauti, nayo ikirudi huifikia maikrofoni kwa kuchelewa kidogo, hivyo msikilizaji husikia kama mtu anazungumza ndani ya simtanki. Mvumo wa feni unaweza kupunguzwa kwa programu wakati wa kuhariri, lakini mwangwi ukishaingia katika rekodi ni shida kubwa kuuondoa bila kuiharibu sauti yenyewe. Ikiwa mtarekodi ndani, hamieni chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na nguo zilizotundikwa, kisha mtundike mablanketi kwenye ukuta anaoutazama msemaji na ule ulio nyuma yake. Pigeni kofi moja katikati ya chumba. Mkisikia mlio unaendelea baada ya kofi, ongezeni vitambaa.

Kuhusu maikrofoni, zile za kondensa husifiwa sana mtandaoni, lakini hunasa kila kitu, kuanzia pangaboi hadi bodaboda anayepita nje. Katika nyumba zetu maikrofoni ya dainamiki inafaa zaidi, kwa kuwa huchukua hasa sauti iliyo karibu nayo. Mdomo ukae umbali wa takriban upana wa kiganja, na maikrofoni iwe pembeni kidogo ili pumzi ya herufi "p" na "b" isiigonge moja kwa moja. Kwa bajeti yenu, hata hivyo, ningenunua maikrofoni mbili ndogo za kubana kwenye kola, kila moja ichomekwe kwenye simu yake, ili sauti ya mzee na ya mwulizaji zibaki katika mafaili tofauti. Mkishawasha simu zote mbili, pigeni kofi moja mbele yake. Mtaitafuta alama ya kofi hilo katika mafaili yote mawili na kuyapanga sambamba kwa programu ya bure kama Audacity.

Mkulima_wa_Veyula

Naomba nitofautiane kidogo na FundiSauti. Mzee wa shamba akiketishwa katika chumba cha watu kilichozungushiwa mablanketi atajibu kwa adabu na kwa ufupi, kisha ataomba kurudishwa kwake. Mfuateni Hombolo. Nendeni asubuhi mapema, kabla upepo wa kiangazi haujashika kasi, na muombe kuketi chini ya mti wenye kivuli badala ya kibarazani, kwa maana mabati yakianza kupata joto hulialia, na majogoo ya nyumbani hayajui kwamba kuna kurekodi.

Jiandaeni pia kwa upande wa zao lenyewe. Hapa kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na ndiyo sababu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Muulizeni anaamuaje siku ya kupogoa, na anafanya nini ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe, unapoingia. Muulizeni pia kwa nini alichagua aina anayoilima, iwe ni Makutupora Nyekundu, Chenin Blanc au Syrah. Akigundua kwamba mnajua tofauti hizo, atawaeleza mambo ambayo mgeni asiyejua chochote hasimuliwi.

Mhariri_Mstaafu

Kijana, wewe na mwenzako kila mmoja ana nusu ya jibu. Andikeni utangulizi na hitimisho neno kwa neno, kwa kuwa hapo ndipo ulimi wa mtangazaji mgeni hukwama, na mvisome kwa sauti mara kadhaa hadi mfute kila sentensi inayowakata pumzi. Mahojiano yenyewe yaandalieni hoja tu. Mzee mwelezeni mada mtakazozigusa, lakini msimpe maswali yenyewe wala msimruhusu awasimulie kisa chote njiani mkielekea shambani, kwa sababu simulizi la pili siku zote hukosa uhai wa lile la kwanza.

Epukeni swali la "Je, kilimo cha zabibu kina changamoto gani?" kwa kuwa Mtanzania yeyote atakujibu kwamba changamoto ni nyingi, kisha atataja mtaji, masoko na pembejeo, nawe hutakuwa na cha kuuliza tena. Mwambie, "Mzee, tueleze siku ulipochimba mashimo ya kwanza," kisha unyamaze. Akimaliza kujibu usikimbilie swali linalofuata. Hesabu moyoni hadi tatu, maana mara nyingi jambo la maana husemwa baada ya kimya hicho. Na ile tabia yetu ya kuitikia "ehee, naam, sawasawa" kila baada ya maneno matatu, badilisheni kwa kutikisa kichwa, vinginevyo mtajuta wakati wa kuhariri.

Wakili_Kisasa

Nitasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, hivyo mwelezeni mzee rekodi itatumikaje na itasikika wapi, na ridhaa yake irekodiwe mwanzoni kabisa. Msichukue wimbo wa msanii bila idhini yake. Ni afadhali mpatane kwa maandishi na mpiga zeze awapigie kipande kifupi kitakachokuwa chenu. Kwa kuwa kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022, ulizeni katika ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Kati hapa Dodoma kama aina ya vipindi vyenu inahitaji leseni, na mfanye hivyo kabla ya kurusha kipindi.

Mkazi_wa_Nkuhungu

Shikamoo Mhariri, na asanteni nyote. Tumeamua kwenda Hombolo asubuhi na maikrofoni za kola, na utangulizi tutaurekodi chumbani nyumbani. FundiSauti, nina swali moja: wasikilizaji wetu wengi wananunua bando dogo, je, faili liwe na ukubwa gani?

FundiSauti

Nakubaliana na Mkulima kuhusu shamba, ila funikeni maikrofoni kwa sponji zake na msibane kwenye shuka au koti linalotoa mchakacho kila mzee anapojigeuza. Rekodini kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ambalo kwa chaneli moja huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika, hivyo hakikisheni kila simu ina nafasi ya kutosha, imejaa chaji na imewekwa katika hali ya ndegeni. Kwenye kipimo cha programu ya kurekodia, sauti ya juu kabisa ifike kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga sifuri hupasuka, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mkishahariri, toeni MP3 ya chaneli moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde: nusu saa itakuwa kama megabaiti 14, na kwa mazungumzo inatosha.

Mahojiano yakiisha, muombeni kila mtu anyamaze na mrekodi dakika moja ya shamba lenyewe. Mtaihitaji kuziba mapengo mnapokata maneno. Kisha sikilizeni mafaili yote mawili hapo hapo, mwanzo, katikati na mwisho, kabla mzee hajashika mkasi wake na kurudi mashambani.