Fundi kanizibia kutu ya jetiski kwa puti ya magari, kala laki 8 na nusu yangu, nusura watu wafe baharini

Wakuu poleni na majukumu. Nimekaa siku nne najizuia, naandika nafuta naandika nafuta kwa sababu ya hasira, leo naandika hivyo hivyo.

Nina jetiski, ile pikipiki ya majini, Yamaha VX110 ya 2007, niliinunua ikiwa imeshatumika, ilitokea Dubai, naikodisha wikendi na sikukuu huku Kigamboni. Ni mashine ya zamani, hilo nalijua. Anayezijua hizi anajua VX inapoza injini kwa maji ya bahari yenyewe, yanaingilia kwenye pampu yanapita ndani ya injini na kwenye ekzosi halafu yanatoka nje, siyo kama Sea-Doo za fostroki ambazo zina kulanti yake, maji maalumu ya kupozea, inazunguka humo humo. Kwa hiyo kila lita inayopita pale ina chumvi kama gramu 35, na injini ni aluminiamu. Usipoisuuza kwa maji matamu kila unapotoka majini inaliwa, hakuna mjadala. Na mimi naisuuza. Mwanzoni nilikuwa natumia maji ya kisima cha nyumbani mpaka siku moja nikayaonja nikakuta na yenyewe ni ya chumvi, tangu siku hiyo nanunua maji ya boza kwa ajili ya mashine tu, familia yangu ni shahidi.

Mwezi wa 2 nikafungua kiti nikaona unga mweupe kama chokaa kwenye manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, rangi imevimba kama malengelenge, ukiigusa inabanduka, na kwenye bolti mbili maji yanachuruzika kidogo kidogo. Ile ndiyo kutu ya aluminiamu wakuu, haiwi nyekundu kama ya bati. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji, ila ana kibao kikubwa kinasema injini za boti aina zote. Akaangalia akasema hii ndogo bosi, niachie wiki moja. Laki 8 na nusu, nikatoa yote.

Wiki moja ikawa tatu. Nilipoifuata inang'aa, imepigwa rangi ya silva injini nzima, nikafurahi nikampa na elfu 20 ya soda.

Sikukuu ikafika, wateja wamejaa, nikampa kijana mmoja na mchumba wake. Hawajamaliza hata dakika kumi naona mashine imesimama, kama mita 400 kutoka ufukweni, na inakaa vibaya, nyuma imezama. Mkondo unawavuta kwenda nje. Yule dada alikuwa hajui kuogelea hata kidogo. Nashukuru Mungu huwa simpi mtu mashine bila jaketi okozi, na kulikuwa na boti ya wavuvi inarudi, nikawapungia mikono kama kichaa wakanichukua tukawafuata. Yule dada nilipomshika mkono alikuwa anatetemeka haongei. Mimi nina binti wa umri ule ule, sijalala vizuri tangu siku ile.

Tukaivuta pole pole, nikawaambia wavuvi wasikimbize kwa sababu jetiski ukiivuta kwa kasi maji yanasukumwa kwenye njia ya kupozea mpaka yanajaza injini, na bomba la maji nililibana kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo fundi aliloshika baadaye, eti tumeiua wenyewe kwa kuivuta.

Kesho yake nikamwita mzee mmoja anayetengeneza injini za boti za uvuvi miaka mingi. Akachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji. Akachukua bisibisi akagonga pale kwenye manifodi palipong'aa silva, kipande kikadondoka. Akakiangalia akaniambia "mwanangu, hii ni puti". PUTI wakuu. Ile wanayonyooshea bodi za magari yaliyogongwa. Mtu amekuta tundu kwenye njia ya maji ya kupozea, sehemu inayopata moto na mtetemo, akalijaza puti, akapiga msasa juu juu na ule unga mweupe wa kutu ukiwa bado ndani, akapuliza rangi. Maji yalikuwa yanamwagika ndani ya bodi muda wote mpaka injini ikayavuta.

Haijaisha. Mzee akaomba sumaku, nikamletea ya spika mbovu. Bolti zinanasa sumaku! Zile za awali zilikuwa stenlesi isiyonasa sumaku, fundi kaweka chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa, miezi miwili tu na zimeshavimba kutu, tatu zimekatikia ndani. Hata stenlesi yenyewe ukiifunga kwenye aluminiamu bila kuipaka grisi ya kuzuia kushikana, chumvi ikiingia katikati inayoliwa ni aluminiamu, sasa wewe unaweka chuma cha dukani kikavu? Waya za rilei ya stata, ya kuwashia injini, zilikuwa na ukijani wa kutu, kazisokota kwa mkono kafunga selotepu. Na kile kipande cha zinki nilichofunga mwenyewe kwenye pampu ili kiliwe badala ya pampu, kakipaka rangi! Zinki ikipakwa rangi haifanyi kazi tena, inabidi iguse maji, hilo hata kijana wa kuosha boti analijua.

Nikampigia simu yule fundi. Kwanza akasema chuma cha baharini lazima kiliwe. Halafu akasema tumeivuta. Halafu akaniambia mashine ya 2007 unategemea nini. Sasa kama ulijua imechoka kwa nini hukuniambia haitengenezeki nikaamua mwenyewe? Ningeiuza spea nikakaa kimya. Hakuna mtu aliyekulazimisha kupokea kazi ya aluminiamu kama huna agoni, gesi ya kuchomelea aluminiamu.

Kazi inayofanyika sasa hivi kwa yule mzee ndiyo ilitakiwa kufanyika mwezi wa 2: manifodi imetolewa yote nje, imeparuliwa mpaka chuma cheupe, imeloweshwa maji matamu siku mbili kutoa chumvi, imeenda kuchomelewa kwa agoni, ikirudi inapigwa msasa na papo hapo epoksi praima, rangi ya chini ya kuzuia kutu, kabla haijashika hewa muda mrefu, ndipo rangi. Bolti zilizokatika anazitoa kwa moto na mafuta ya kupenya, anapasha anaacha inapoa anapasha tena, moja imemchukua asubuhi nzima. Injini imeshamwagwa oili mara tatu na bado haijawa safi.

Na kuna kitu kingine kinanitia hofu kwa wengine waliopeleka kwa yule fundi wa kwanza. Siku naichukua nilimwona dogo wake anafungulia maji ya mpira kwanza ndiyo anawasha injini. Nikamzuia. Kwenye Yamaha unawasha injini kwanza ndiyo unafungulia maji, na kuzima unafunga maji kwanza ndiyo unazima injini, ukigeuza maji yanarudi kupitia ekzosi yanaingia kwenye silinda. Kama una mashine umeichukua kwake karibuni, fungua kiti leo, gonga palipopakwa silva, na pitisha sumaku kwenye kila bolti.

Nataka laki 8 na nusu yangu yote, sitaki punguzo la kazi nyingine kama anavyonitumia meseji. Jumatatu naenda pale na kile kipande cha puti na bolti zote 11 nimezihifadhi kwenye kopo. Kama kuna mdau aliwahi kudai hela kwa fundi wa namna hii akafanikiwa, naomba anielekeze nianzie wapi, serikali ya mtaa au polisi moja kwa moja.