Nisome nini ndani ya basi, Ruashi mpaka mjini?

Mwana_Ruashi
Wayaya, kaka na dada zangu, jambo. Kila asubuhi natoka Ruashi naenda kazini mjini Lubumbashi, jioni narudi. Foleni ikiwa na huruma ni dakika 40, ikikosa huruma tusiseme. Nilianza riwaya moja ya Kifaransa, nene kama tofali. Wiki ya tatu hii, niko ukurasa wa 14. Nakaa kwenye kile kiti cha kukunja: mtu wa nyuma akishuka nasimama, kidole ndani ya kitabu, nikikaa tena sijui nani alikuwa anamjibu nani. Simu naogopa kuitoa, mikono inapita dirishani. Kitabu gani kinavumilia basi?

Yaya_wa_Kenya
(Kenya ya hapa Lubumbashi, siyo nchi!) Mdogo wangu, kwanza hama hicho kiti. Wahi nyuma kabisa, pembeni. Halafu tofali liache nyumbani. Mimi nilibeba Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Kijitabu chembamba. Karama yuko mahakamani, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mmoja baada ya mwingine. Mjumbe mmoja kwenda, mmoja kurudi, siku tatu umemaliza.

Katuba_2
Kiswahili bora hicho, yaya! Natafuta maana ya neno moja mpaka nafika mjini. Mimi nalala tu.

Yaya_wa_Kenya
Lala. Simu yako itashuka kabla yako.

Mama_Shangwe
Mimi nikisoma gari likitembea tumbo linachafuka. Nasoma likisimama tu. Bahati nzuri linasimama sana.

Mwalimu_Kasapa
Katuba_2, kama unataka Kiswahili chetu wenyewe, kipo: Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi yetu. Ilipigwa taipu 1965, aliyeikusanya ni André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani, wa Wazungu. Ni historia ya mji huu kama walivyoiona wao, jikoni na uani. Ni fupi. Profesa Johannes Fabian aliitoa tena 1990 na tafsiri ya Kiingereza, na maandishi yapo bure kwenye intaneti. Ila nakuonya: nukta na mkato ni kama hakuna, maneno yameshikana au yamekatwa ovyo. Fabian mwenyewe ilibidi atafute mwenyeji amsomee kwa sauti ndipo aelewe. Ukikwama, sogeza midomo.

Katuba_2
Nisogeze midomo peke yangu ndani ya basi? Watanishusha.

Mwana_Ruashi
Narudi na habari. Nimeenda kwa mtu wa fotokopi, nimechapa kurasa za mwanzo za Vocabulaire. Makaratasi yakinyakuliwa sitalia. Mwalimu, umesema kweli, kwa macho peke yake sikuelewa kitu. Leo jioni nikaanza kunong'ona. Papa mmoja wa pembeni, mzee wa kofia, akaniuliza: «Unasali?» Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akachukua karatasi, akasoma yeye, kwa sauti, bila kukwama hata pale nilipoona maneno yameungana kama treni. Nyuma wakanyamaza. Mtu akishuka nilisimama na kukaa, na sikupoteza kitu, maana nilikuwa nasikiliza.

Shida moja: ameshuka nazo kurasa tano za mwisho. Anasema baba yake alipikia Wazungu, anataka kuzimalizia nyumbani. Kesho narudi kwa fotokopi.