Nataka besi yangu ilie kizamani, nianze kubadili pikapu au nini?

besi_mchanga
Wakuu salaam. Nina gitaa la besi, mtindo wa Precision ya Fender, sio orijino, ni kopi tu ya zile za mwanzoni mwa miaka ya 60, sanbasti yaani rangi inayokolea kuelekea pembeni, pikigadi (lile bamba la mbele) ya rangi ya gamba la kobe, pasivu, haina betri wala nini. Kwa macho imekaa vizuri, ukiitundika ukutani mtu anaweza kudhani imetoka Fullerton enzi za Leo Fender mwenyewe. Shida ni mlio. Nikisikiliza rekodi za soul za Motown ile besi inagonga kifupi, dum, halafu inakaa kimya inaiachia drama nafasi. Yangu inalia ting'ining'i kama piano na kila nikitelezesha kidole inakwaruza mpaka kwenye spika. Hela ya pikapu mpya (ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi) ninayo tayari, ila kuna jamaa bendini ananiambia nibadili poti zote (za vitufe vya sauti na toni) na kapasita inayokata sauti za juu, mwingine anasema nipige msasa bodi ili mbao ipumue. Nianze na lipi? Na hii habari ya kuweka sponji chini ya nyuzi ni kweli au watu wanatania? Natanguliza shukrani.

KidoleKimoja
Mkuu hiyo hela ya pikapu irudishe mfukoni kwanza. Hiyo ting'ining'i ni nyuzi za raundi, zile zilizoviringishiwa waya wa duara, pitisha ukucha juu yake utasikia matuta. Besi za miaka ya 50 na mwanzo wa 60 zilikuwa zinafungwa flati, yaani juu ya uzi kuna utepe bapa, kidole kinateleza bila kukwaruza. Raundi za kung'aa zilishika kasi baadaye, John Entwistle wa The Who alikaa na watu wa Rotosound mwaka 1966 wakatengeneza seti aliyoitaka, ndio ule mlio wa chuma chuma. Sasa wewe unafunga nyuzi za kizazi kingine kwenye besi ya mtindo wa 62 halafu lawama zote kwa pikapu.

Huyo unayemsikia Motown kwa sehemu kubwa ni James Jamerson. Precision ya 1962, nyuzi flati za La Bella nene kweli kweli, inchi .052 mpaka .110, na alikuwa habadilishi nyuzi, labda ukatike. Mkono wa kulia anatumia kidole cha shahada peke yake, walikipa jina la ndoano. Hakuna muujiza wa umeme pale, ni nyuzi zilizochoka na kidole.

Sponji sio utani. Zile besi zilikuja na bati la kromu linalofunika daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi, na ndani ya lile bati kiwandani walibandika sponji inayogusa nyuzi. Watu wakalivua kwa sababu linazuia mkono, wakalitupa kabatini, leo tunahangaika kukatakata sponji kujirudishia kile kile kilichotupwa. Wewe kata kipande laini, upana kama wa kidole, urefu wa kupita chini ya nyuzi zote nne, kisukumie pale pale mbele ya daraja. Kiguse nyuzi, kisizinyanyue.

mchoma_waya
Nakubaliana na KidoleKimoja nusu. Flati ndio hatua ya kwanza sawa, ila tusimwambie mtu pikapu haina maana wakati hatujui kopi yake imefungwa nini ndani. Mkuu fungua pikigadi au skrubu za pikapu, igeuze chini juu uiangalie mgongoni. Ukikuta kipande cha sumaku cheusi kimegandishwa chini ya vile vijiti, hiyo ni seramiki, vijiti vyenyewe ni chuma cha kawaida tu kinachopitisha nguvu ya sumaku. Ukikuta hakuna kitu, vijiti ndio sumaku, basi ni alniko (sumaku ya aloi) kama za zamani na huna sababu ya kununua nyingine. Chukua na multimita upime, Precision ya kawaida inasoma kama kilo-ohmu 10 hadi 11 hivi. Ukiona 15 au 16 jua mtu kazungusha waya mwingi kutafuta nguvu, na hapo ile juu nyepesi inapotea, katikati inavimba.

Poti, angalia imeandikwa ngapi. 250K ndio ya Precision. Nimekutana na kopi zenye 500K na mlio wake mkali mkali, hapo kubadili kunasikika. Kapasita ndio watu wanapigana nayo vita isiyo na kichwa. Ukiacha kitufe cha toni wazi mpaka mwisho huisikii tofauti ya maana, kazi yake inaonekana unapofunga. Ya 0.1 inakata chini zaidi kuliko ya 0.047, ndio hivyo tu, na kama ni ya mafuta au ya plastiki sikio lako halijui. Kabla hujashika pasi ya kulehemu funga toni nusu, halafu robo, sikiliza. Wengi wanapiga maisha yao yote toni ikiwa wazi halafu wanalalamika besi inang'ata.

J_tano
Uza nunua Jazz, besi nyingine ya Fender. Shingo 38 mm kwenye nati (pale nyuzi zinapoingia kichwani), sio hilo gogo la 44 😂

KidoleKimoja
@J_tano kila mada lazima aje mtu wa Jazz. Kaka kafungue mada yako.

fundi_shingo
Mimi naongeza kitu ambacho watu wa umeme huwa wanakisahau. Flati zinavuta shingo kuliko raundi, seti nene ya .110 ndio usiseme. Ukifunga leo, kesho shingo imepinda mbele, nyuzi ziko juu, unaanza kusema besi ni mbovu. Ushauri wangu usianze na seti ya Jamerson, anza na .045 hadi .100, utapata asilimia kubwa ya ule mlio na vidole vitabaki. Nene ina jambo lingine, uzi wa E hauingii kwenye mfereji wa nati uliochongwa kwa .105, unakaa juu juu, ukipiga freti ya kwanza noti inapanda. Itabidi mfereji upanuliwe na hapo usitumie faili ya fundi seremala tafadhali.

Kupima pinda: bana uzi wa E freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Unataka kama 0.3 mm, kadi nyembamba ipite kwa kugusa. Ikiwa kubwa, kaza trasi rodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, robo mzunguko, ngoja, pima tena. Sasa hapa mtindo wa zamani unakera, nati ya kukazia trasi rodi iko upande wa kisigino cha shingo, ndani ya mfuko wa bodi, sio kichwani. Inabidi ulegeze nyuzi, ufungue zile skrubu nne nyuma, unyanyue shingo, uzungushe, urudishe, utyuni, upime, na kama haijakaa unaanza upya. Baadhi ya kopi wamehamishia kichwani, angalia kabla hujafungua kitu.

Na hapo hapo wakati shingo iko nje geuza kisigino uone kama kuna muhuri au maandishi. Kwenye kopi halina uzito, ila ni tabia nzuri.

mlinzi_wa_kale
Nimesoma mpaka kwenye habari ya msasa nikaweka simu chini kwanza nikanywa maji.

Mkuu usipige msasa kitu. Hizo besi zilizochakaa unazoziona zina rangi ya nitro, nitroselulosi, inakuwa nyembamba na inaendelea kukauka miaka na miaka, inapasuka nyufa ndogo ndogo, inachubuka pale mkono unapolala. Kopi nyingi zina poliesta au poliurethani nene. Hata Fender wenyewe mwishoni mwa miaka ya 60, baada ya CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kuinunua kampuni Januari 1965, walihamia poliesta. Rangi hiyo haichubuki kwa uzee, inamegeka vipande kama umeidondosha. Ukiipiga msasa unapata besi iliyopigwa msasa, kila mtu anaona. Na mbao kupumua ni hadithi, ule ni uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku, bodi haina mapafu. Kuna watu wanafanya relik, yaani kuichakaza besi makusudi, vizuri siwakatai, lakini ni kazi ya sanaa, haibadilishi mlio.

Kwenye kopi badili utakavyo, ndio raha yake. Ila siku ukibahatika kushika ya zamani kweli, mkono wako uwe mzito. Lehemu za kiwandani zisiguswe kama zinafanya kazi, maana ukiyeyusha hata moja mkusanyaji anaiona. Poti zina namba mgongoni, zikianza 137 mtengenezaji ni CTS, 304 ni Stackpole, tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki ya kutengenezwa. Kwa mfano 3046612, Stackpole, 1966, wiki ya 12. Haimaanishi besi ni ya wiki hiyo, poti ilikaa stoo, ila besi haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko poti zake za asili. Namba ya seri kwenye lile bati la nyuma msiitegemee peke yake, yale mabati yalikuwa kwenye mapipa, yalichukuliwa bila mpangilio, na isitoshe ni skrubu nne tu kulihamisha. Niliwahi kuona Precision ya zamani mtu kaichimba shimo la pikapu ya pili karibu na daraja miaka ya 70, wakati huo ilikuwa besi kuukuu tu hakuna aliyejali. Shimo halizibiki.

besi_mchanga
Wakuu mmenifumbua. Nimefungua: vijiti ndio sumaku, chini hakuna kitu, multimita inasoma 10.6. Poti 250K zote mbili. Kwa hiyo pikapu inabaki. Nimefunga flati .045 hadi .100, shingo ilisogea kidogo kama fundi alivyosema, bahati trasi rodi yangu iko kichwani, robo mzunguko ikakaa. Sponji nimekata ya kwenye boksi la simu. Toni nimeifunga kama nusu. Jana mazoezini mpiga drama kageuka kuniangalia, hajasema kitu ila kageuka.

Swali dogo, uzi wa G nikitoa sponji uko sawa, nikirudisha tyuna inasema umepanda kidogo, hasa nikipanda freti ya 12. Ni sponji au saduli, kile kipande cha daraja uzi unapokalia?

fundi_shingo
Sponji. Ya boksi la simu huwa ngumu, inausukuma uzi juu na kuufupisha upande wa daraja. Usiguse saduli bado. Ikate chini ya G iwe fupi kidogo kuliko upande wa E, au tafuta iliyo laini zaidi. Ikikaa kimya vizuri na tyuna imetulia, ndipo upime intonesheni (kama noti ziko sawa shingo nzima), na uipime sponji ikiwa ndani.

KidoleKimoja
Na hizo flati usizibadilishe mwakani eti zimezeeka. Ndio kwanza zinaanza.